Uduvi wa Paka wa Bi Rukia

Nyumba ya Koko ilinuka majivu na mkojo wa paka, na anayesema vingine anamsitiri tu. Si kwamba Koko alikuwa mchafu. Alifagia mara tatu kwa siku, akafukiza ubani kila Alhamisi, akatandaza maua ya mlangilangi juu ya mito, lakini ile harufu ilikuwa imekwisha kujichagulia pembe yake nyuma ya mlango wa mbele, palipokuwa na beseni bovu lililojazwa majivu ya jikoni kwa ajili ya haja za paka wawili, na haikukubali kuhama. Hadi leo nikipita mahali mtu amemwagia maji jiko la mkaa, pua inanirudisha moja kwa moja Ambanoro, kijiji cha wavuvi na wachuuzi karibu na mji wa Hell-Ville kisiwani Nosy Be, Madagaska, nami hushikwa na haya kabla sijakumbuka hata kwa nini. Ndiyo haya niliyokaa kuiandika leo. Nimepita miaka hamsini, nimezaa, nimeoza watoto, nimezika, na mambo mengi niliyoyaonea aibu ujanani sasa yananichekesha. Hili halijanichekesha bado.

Koko ndivyo tulivyomwita bibi yetu, mzaa mama, kama waitavyo watu wenye asili ya Komoro. Nyumbani tulichanganya Kikomoro na Kimalagasi ndani ya sentensi moja bila kujijua, na shuleni tukachapwa kwa Kifaransa. Kiswahili hiki nilikuja kukipata ukubwani, Mombasa, nilikoolewa na kukaa miaka kumi na minne. Kwa hiyo maneno ya Koko nitakayoyaweka hapa nimeyageuza mimi, ingawa mengine hayakuhitaji kugeuzwa. Amana kwetu ilikuwa amana, na radhi ilikuwa radhi.

Wazazi wangu walikaa mji wa bandari wa Mahajanga, mtaa wa Tsaramandroso, ukuta kwa ukuta na Bi Rukia. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini, baada ya siku zile mbaya za Wakomoro kushambuliwa na kuuawa, ambazo wazee wetu huzitaja kwa sauti ya chini mpaka leo, na Wakomoro wengi wa mjini walikuwa wakifunga virago, hawa kwa meli, hawa kwa ndege. Bi Rukia na mumewe nao waliondoka. Duka lao lilikuwa limekwisha na nyumba haikuwa na paa. Kilichobaki kutoka nyumba ile, kilicho hai na chenye kumjua, ni paka wawili, na melini paka hawakuruhusiwa. Koko alikuwa amekuja kutujulia hali, basi Bi Rukia akamletea kikapu kilichofungwa kwa leso, akamwambia hawa ni amana yako, dada, mpaka nirudi. Koko akasema amepokea. Baba yangu ni Msakalava, mwenyeji wa pale pale, na kazi yake ilikuwa bandarini, hivyo sisi hatukuwa na pa kukimbilia, ila wazazi waliona afadhali mimi nikasome Nosy Be mpaka mji utulie. Ndivyo tulivyosafirishwa pamoja, paka ndani ya kikapu na mimi pembeni yake, wao wakilia njia nzima na mimi nikitapika njia nzima. Nilikuwa na miaka tisa.

Lazima nieleze amana ilikuwa nini kwa Koko, maana bila hilo mtu atasema nimekaa kuandika habari za paka. Mwanamke wa Ambanoro aliyekuwa anasafiri, au anakwenda kujifungua kwao, au ameolewa na mume ambaye mkono wake hautulii akiona kitu cha kuuzika, alikusanya vyake akavileta kwa Koko. Chini ya kitanda palikuwa na sanduku la mbao lenye kufuli, na ndani yake hereni, bangili, leso za harusi ambazo hazijakatwa bado, funguo za nyumba za watu, hati zilizoviringishwa ndani ya nailoni. Koko hakuandika popote. Alikijua kila kifurushi kwa fundo lake, na hakuwahi kukosea. Hakuwa tajiri, sauti yake ya kaswida ilikuwa mbovu, na wali wake, Mungu amrehemu, ulikuwa wa kuungua chini. Lakini akipita njiani hata wanaume walimpisha, na walimpisha kwa sababu ya sanduku lile. Nilimwona mwenyewe akikataa kumwazima mwanawe wa kumzaa, mjomba wangu, mwavuli wa mtu uliowekwa pale, na mvua inanyesha kama imetumwa. Mjomba alikwenda msikitini amejifunika gunia.

Paka wenyewe mmoja tulimwita Kadhi, dume jeupe, nene, ambalo likikaa lilikaa kama limeletewa kesi. Mwingine alikuwa Marashi, jike la kijivu, jembamba, lenye macho ya mtu anayefikiria safari. Walikuwa paka wa ndani tangu kuzaliwa, hawajawahi kukanyaga mchanga. Nje Ambanoro palikuwa na mbwa wasio na mwenyewe, na palikuwa na chanja za kuanikia samaki, na jirani yetu Zafy, mvuvi, alikuwa ametangaza mbele ya watu kwamba paka atakayemkuta juu ya chanja yake atamaliza naye kwa kafi. Zaidi ya hapo kulikuwa na magofu, zile nyumba za mawe za wafanyabiashara wa zamani zilizokwisha kumezwa na mizizi ya miti, ambamo hata mbuzi aliingia asionekane tena. Koko alipopima hayo yote alisema paka wa Rukia hawatoki nje hata siku moja, na akabuni utaratibu wa mlango.

Mgeni akipiga hodi, hakufunguliwa papo hapo. Alijibiwa karibu, ngoja kidogo. Mtu wa ndani alikwenda jikoni, nyuma, akagonga sahani ya bati kwa kijiko mara tatu, akanyunyiza sakafuni uduvi mkavu, wale kamba wadogo wadogo ambao Wamalagasi huwaita patsa. Paka walikuja mbio, mlango wa jikoni ukafungwa nyuma yao, ndipo komeo la mbele likaondolewa. Kijiji kizima kilizoea. Watu walitania kwamba kwa Koko hata Muislamu hupigiwa kengele. Koko aliacha wacheke, ila kwangu alikuwa na sharti moja alilolirudia mpaka nikachoka: usigonge sahani bila kutia kitu. Hata mgeni awe wa kumi siku hiyo, hata paka wawe wameshiba, nitie japo chembe mbili. "Ukiwaita, wape," aliniambia. Nilidhani ni huruma za kizee tu.

Mchana Koko alipokuwa uani na cherehani yake, mlango ulikuwa wangu, na kopo la uduvi lilikuwa langu. Hapo ndipo nilipoharibikia. Shuleni wasichana hawakucheza nami. Kimalagasi changu kilikuwa cha Mahajanga, wakakiiga wakicheka, na neno mgeni waliligeuza kuwa jina langu. Siku moja nilikuwa na uduvi kidogo uliobaki mfukoni, nikautoa wakati wa mapumziko wao wakila embe bichi kwa pilipili, na uduvi juu ya embe bichi, mwenye kujua anajua. Walinisogelea wote. Msichana mkubwa kuliko wote akanipa nafasi kwenye kigogo walichokalia, na siku ya pili akaniuliza kama nimeleta tena. Mtoto wa miaka tisa aliyekwisha kaa peke yake mwezi mzima hafikirii mara mbili. Nilileta tena.

Lakini kopo Koko alilijua kwa jicho, kama alivyojua mafundo yake. Nikichota hovyo angeona. Basi nikajifanyia hesabu ya kishetani: kila hodi ni kiganja kimoja cha uduvi, Koko anasikia sahani ikigongwa, anajua kiganja kimoja kimetoka. Kitoke, sawa, ila kiingie mfukoni kwangu. Niligonga sahani mara tatu, kwa nguvu, asikie vizuri huko uani. Paka wakaja mbio, wakanusa sakafu, wakaniangalia. Nami nikawafungia mlango huku nimeushika uduvi mkononi. Kopo lilipungua vilevile kama lilivyopaswa kupungua. Nilikuwa mwizi mwenye nidhamu, na wallahi nilijiona mwerevu. Sikumdhulumu Koko, nilijiambia, nimewadhulumu paka, na paka hawasemi.

Kadhi aliendelea kuja kila akiitwa. Alikuwa mlafi, na mlafi hakati tamaa. Marashi wiki ya kwanza alikuja mbio, wiki ya pili akaja akitembea, na kabla ya mwezi kwisha alikuwa akiinua sikio moja tu na kubaki pale alipolala. Nilimbeba mwenyewe nikamtia jikoni, nikadhani mambo yamekwisha. Sikufikiria kwamba asubuhi na jioni ni Koko anayegonga. Alianza kulalamika kwamba paka wamekuwa wazito. Nikamwambia ni joto. Akasema labda mkono wake umelegea, sahani hailii kama zamani, akatafuta kijiko kikubwa zaidi, na siku moja akaniita jikoni, akagonga mbele yangu, akaniuliza kwa dhati kabisa kama nasikia vizuri, kama sauti inafika. Nikamwambia inafika, Koko. Alitia uduvi mwingi kuliko kawaida, akasimama kumngoja Marashi na kijiko chake mkononi. Marashi hakuja. Hata hapo sikusema, na wakati huo ningesema mambo yangekwisha kwa kofi moja, kama angenipiga, naye hakuwahi kunipiga.

Kisha habari ikaja kutoka Komoro, kwa mdomo wa msafiri, kwamba Bi Rukia amepata nafasi ya kuja Madagaska kwa siku chache kushughulikia mambo ya nyumba yake, na kwamba atapitia Nosy Be kuchukua wanyama wake. Koko alifurahi kama anayeolewa. Aliwachana paka manyoya kwa kitana chake mwenyewe. Akasema ni lazima afanye kisomo kidogo, wanawake waje wasome, washukuru, amana inarudi salama. Kisomo kiliwekwa Ijumaa baada ya alasiri, siku tatu kabla ya Bi Rukia kufika. Mimi nilipewa kazi ya chetezo, nikakaa sebuleni nikipuliza makaa, na kutoka pale nilipokaa niliona jikoni kote.

Wanawake wa kwanza walipiga hodi wakiwa wengi kwa pamoja, na sinia vichwani. Koko akaitikia, akaenda jikoni na leso yake mpya, akagonga sahani mara tatu. Nilimwona akichota kwenye kopo. Niliuona uduvi ukianguka sakafuni, kiganja kizima. Kadhi akaja. Macho ya Koko yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na jikoni palikuwa na moshi. Aliona umbo la paka likila, akaamini ni wawili, akafunga mlango wa jikoni, akaja akaondoa komeo. Marashi alikuwa nyuma ya beseni la majivu, pale pale mlangoni. Amejikunyata akingoja. Wala hakukimbia. Alisimama kizingitini, akanusa, akapita katikati ya miguu ya wanawake wale, akashuka ngazi mbili na kuelekea upande wa magofu, mkia juu, na mwanamke wa mbele alipopiga kelele, paka alikuwa amekwisha kupotea.

Sinia zikashushwa, watu wakatoka kumkimbilia, na Koko akabaki amesimama na komeo mkononi. Aliniangalia. "Esha, nimegonga?" aliniuliza. Nikamwambia ndiyo, Koko, umegonga. Akaniuliza tena, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha:

"Na uduvi nimetia?"

Nilijua jibu. Nilikuwa nimeuona kwa macho yangu mawili. Lakini nilijua pia kwamba kama ametia na paka hakuja, basi mtu atajiuliza kwa nini paka hakuja, na njia hiyo ilikuwa inakuja moja kwa moja mfukoni kwangu.

"Sikuona, Koko," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole, kana kwamba nimemthibitishia jambo alilokuwa akiliogopa siku nyingi. Akasema, si kwangu, si kwa mtu yeyote, kwamba basi amesahau. Kisomo hakikusomwa siku hiyo.

Tulimtafuta siku tatu. Hata Zafy wa kafi aliacha nyavu zake akaingia magofuni na panga kutufyekea njia, na alipoona Koko anajikwaa kwenye mizizi akampa bega lake ashike. Koko alikwenda na sahani. Asubuhi na jioni alisimama kati ya kuta zile za mawe akagonga mara tatu, akanyunyiza uduvi juu ya majani, akangoja, akasogea hatua chache, akagonga tena. Mimi nilimfuata nyuma nimebeba kopo. Siku ya pili nilisikia kitu kikitikisika juu ya ukuta, kwenye mizizi, karibu kabisa, kisha kimya. Hadi leo naamini alikuwa yeye. Alikuwa pale, anasikia, na ile sauti haikuwa na maana kwake tena, na aliyeiondolea maana alikuwa amesimama chini na kopo lililojaa. Nilitamani ardhi inimeze. Marashi hakuonekana tena, si mzima si maiti.

Bi Rukia alifika Jumatatu, amekonda, amevaa viatu vya kuazima. Koko hakumngoja hata akae. Alimshika mikono yote miwili mlangoni akamwambia, "Rukia, amana yako imenishinda. Mlango niliufungua mimi, na sahani niliigonga tupu." Sahani tupu! Mtu aliyenyunyiza kiganja kizima mbele ya macho yangu sasa alikuwa akitoa ushahidi dhidi yake mwenyewe, na ushahidi huo nilimpa mimi. Nilikuwa nimebeba sinia ya chai. Mjomba akaniambia kwa ukali nigawe vikombe, nikagawa.

Bi Rukia alisema ni paka tu, dada. Alisema vizuri, kwa upole, kisha akakaa kwenye mkeka, akamchukua Kadhi mapajani, akajifunika uso kwa leso, na mabega yakaanza kumtetemeka. Alikuwa amepoteza duka na nyumba na mtaa mzima wa watu waliomjua kwa jina, na nasikia huko kote hakulia. Alilia sebuleni kwetu. Koko alikaa kando yake bila kumgusa, kama aliyekatazwa. Bi Rukia alipotaka kumwacha Kadhi abaki naye, kwa heshima, Koko alikataa katakata. Alimwambia mchukue, mimi si wa kuachiwa kitu.

Maneno hayo tulidhani ni ya huzuni, yatapita. Alfajiri ya siku aliyoondoka Bi Rukia, Koko alilitoa sanduku chini ya kitanda, akafungua kufuli, akapanga vifurushi vyote juu ya mkeka. Kisha akajifunga leso ya kutokea, akanipa kapu nibebe, tukaanza nyumba ya kwanza. Alipiga hodi, akaingia, akatoa kifurushi kwa fundo lake, akasema chukua chako, mama, mimi nimeanza kusahau. Wanawake walishangaa, wakamsihi. Mmoja alipiga magoti. Mwingine alimwambia hata kama angepoteza paka mia, yeye hereni zake hazitoki kwa Koko, na Koko akaziweka juu ya kizingiti na kuondoka. Wale waliokuwa safarini aliwapelekea ndugu zao. Tulizunguka Ambanoro nzima, nyumba kwa nyumba, jua likapanda, likatuchoma, mimi na kapu langu linalopungua uzito kila hodi. Kila mlango uliofunguliwa nilijiambia, hapa nitasema. Katika nyumba ya mwisho nilifungua mdomo kweli, na mwenye nyumba akadhani nina kiu, akaniletea maji, nikayanywa. Tuliporudi, Koko alikaa kitandani juu ya sanduku tupu, akavua viatu. Miguu ilikuwa imemvimba. Aliniambia ahsante, mjukuu wangu, bila wewe nisingeweza.

Nilikaa naye miaka mingine minne, maana mwaka mmoja wa shule ulijirefusha, na nilipochukuliwa Mahajanga nilirudi kila likizo. Nilimwona akipungua. Hakuwa amesahau chochote, huo ndio uchungu wake. Akili yake ilikuwa nzima kama ya kijana, ila alikuwa ameacha kuiamini. Alitia chumvi kwenye mchuzi kisha akaniuliza kama ametia. Alifunga mlango, akarudi, akaushika, akarudi tena. Aliswali alasiri, akakaa akihesabu kwa vidole, akawa hana hakika, akasimama akaiswali upya, na magoti yenyewe yalikuwa hayampi ruhusa. Majirani walisema ndio uzee. Mimi nilijua si uzee. Uduvi sikula tena, na wale wasichana niliachana nao, kana kwamba hilo lingemsaidia mtu. Miaka kumi na mmoja aliishi hivyo. Nilikuwa Mombasa aliponifia, na jambo la kwanza lililonijia baada ya kusikia habari, kabla ya machozi, lilikuwa unafuu. Nalisema hili hapa kwa sababu ni kweli na kwa sababu sijawahi kulisema kwa mtu.

Nilipoachika nilirudi Mahajanga, nikapata nyumba Antanimasaja, na haukupita muda nikaambiwa Bi Rukia naye alirudi zamani, anakaa mtaa huohuo, mzee, mjane, na bado ana paka. Nilikwenda na boksi la maandazi. Alinipokea kama mwanawe. Paka wake walikuwa watatu, na mlangoni alikuwa ameweka ubao wa kufika magotini, unauruka kuingia, na fimbo ndefu ya kuwarudishia ndani. Tulizungumza habari za watu, nani amekufa, nani yuko Mayotte. Kisha nikamweleza yote, uduvi, mfuko, embe, sahani, na lile neno langu. Nilieleza haraka haraka nikitazama mkeka. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, na kusema kweli nilikuwa nimejiandaa zaidi kwa msamaha.

"Aliishi miaka mingapi baada ya hapo?" aliniuliza.

"Kumi na mmoja."

"Na ulikuwa ukimwona?"

"Kila likizo."

"Kila likizo," alirudia. Kisha akaniuliza kama chai naitaka na sukari.

Hakulitaja tena mpaka alipofariki, nami sikuwa na uso wa kuliuliza. Hakunisamehe, maana haikuwa yake ya kusamehe, na alikuwa mtu mzima wa kutosha kutojifanya kwamba ni yake.

Siku hizi watu husafiri kuliko zamani, na wepesi zaidi. Wanakwenda Reunion, Ufaransa, Mayotte, miezi mitatu, miezi sita, na nyumba na wanyama wanabaki. Neno amana vijana hawalitumii. Wanasema niangalizie tu, mama, kama jambo dogo. Wengi huja kwangu. Huja kwa kuwa mtu fulani amewaambia kwamba mimi ni mjukuu wa Koko wa Ambanoro, yule wa sanduku. Maana watu, kumbe, walikwisha kumsahau paka ndani ya mwaka mmoja na wakalikumbuka sanduku. Jina la Koko halikuchafuka hata kidogo, ila hakuna aliyeweza kumwaminisha hilo. Kwa miaka mingi nilizipokea funguo hizo nikitabasamu, nikasifiwa kwamba uaminifu uko kwenye damu, nikanyamaza.

Baada ya ile chai ya Bi Rukia nilijiwekea sharti. Mtu akija kuniachia kitu, kwanza namkalisha namweleza habari ya uduvi, mwanzo hadi mwisho, ndipo achague. Karibu wote hucheka. Wananiambia mama, ulikuwa mtoto, na alikuwa paka tu, wanaweka funguo mezani wanakimbilia uwanja wa ndege. Mwaka jana alikuja binti mmoja muuguzi, ana paka wawili wa ndani na safari ya nusu mwaka. Alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka. Akaniuliza kama nilimwambia bibi yangu. Nikasema hapana. Funguo zilikuwa tayari mezani. Alizitazama, akazichukua, akazirudisha mkobani, akasema samahani, mama, nitatafuta mtu mwingine. Aliona aibu sana, maskini, hata akasahau kitambaa chake nikamkimbilia nacho. Nilimsindikiza mpaka barabarani nikamwambia amefanya vizuri, na nilimaanisha. Miaka yote hiyo, ndiye mtu wa kwanza aliyeninyima amana mimi niliyekosa, badala ya Koko aliyejinyima bila kosa.